Disiki kubwa kama santuri, inachezwaje?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mjomba karudi toka Marekani na mizigo yake ya zamani, nimekuta kasha bapa la plastiki limeandikwa ni muvi ila kwenye deki ya DVD haliingii kabisa. Ni nini hii?

JIBU: Salama ndugu. Hiyo naona ni CED, disiki ya video ya kampuni ya RCA ya Marekani iliyo ndani ya kasha hilo, ilianza kuuzwa huko 1981. Tafadhali usiitoe kwa mikono! Inasomwa kwa sindano kama santuri, vumbi kidogo tu picha inaruka, ndo maana unasukuma kasha lote kwenye mashine halafu ukilivuta linatoka tupu, disiki imebaki ndani. Upande mmoja dakika 60, unageuza. Mpinzani wake LaserDisc alitangulia 1978, yeye anasoma kwa mwanga wa leza, hakuna kinachogusa disiki, na kwa picha mi namkubali zaidi. Ila wote walizidiwa na kanda za VHS maana kanda unarekodi mwenyewe vipindi vya TV. RCA waliacha kutengeneza mashine 1984, kwa hiyo muulize mjomba kama alikuja na yake, bila hiyo haichezi.