Mwache akuite baba, lakini jina la baba yake libaki

Kijana mmoja wa Ipuli, Tabora, ameniandikia. Rafiki yake wa kijiweni, dereva wa bodaboda mwenzake, amefariki na kuacha mtoto wa kiume wa miaka mitatu ambaye mama yake alishatangulia. Matanga yalipoondolewa ndugu walipanda mabasi yao, mtoto akabaki kwake. Sasa ameanza kumwita baba. Kijana anauliza: amwache amwite hivyo, au amkatishe mapema asije akaonekana anapora mtoto wa watu?

Nilimjibu kwa simu siku hiyohiyo. Naandika tena hapa kwa kirefu kwa sababu swali lake limenikuta na furaha kubwa na kidonda kibichi kwa pamoja: mwezi uliopita tumemwozesha binti niliyemlea. Na najua wengi mnaosoma hapa mnalea, au mtalea, watoto msiowazaa. Kwetu Kigoma nyumba isiyo na mtoto wa marehemu ni ya kutafuta.

Jibu langu ni hili. Mwache akuite baba, ila jina la baba yake lisitoke nyumbani kwako hata siku moja.

Baba wa binti yangu tulikuwa na kipe kimoja, chombo cha kuvulia, mimi na yeye, tukivua dagaa na migebuka kutokea Kibirizi. Enzi hizo taa za kuvulia zilikuwa karabai, sola hazijatufikia. Mimi nilishika hesabu na wanunuzi, yeye alishika ziwa. Sijaona mtu aliyeyajua maji ya Tanganyika kama yule. Usiku mmoja wa kiangazi upepo wa kusini uliamka ghafla. Vijana wawili waliogelea wakafika nchi kavu. Yeye tulimpata kesho yake upande wa kaskazini, njia ya kwenda Gombe. Mkewe alikuwa ameshafariki, na binti alikuwa na miaka minne.

Kwenye matanga wazee wa ukoo walikata shauri kwamba mtoto aende Uvinza kwa baba yake mdogo. Baba mdogo akasema atarudi kumchukua mavuno yakiisha. Mavuno yaliisha. Yakaja mengine, nayo yakaisha. Mke wangu ndiye aliyemwogesha mtoto usiku ule wa msiba na kumlaza pamoja na wetu, na tangu hapo hakuulizwa na mtu analala wapi.

Alipoanza kuniita baba sikumkatisha. Mtoto anahitaji mtu wa kumwita hivyo, kama anavyohitaji uji asubuhi. Lakini wageni walipomuuliza yeye ni binti wa nani, nilimfundisha ataje jina la marehemu, kwa sauti, bila kuinamisha kichwa. Wavuvi wa zamani walipopita nyumbani niliwaomba wamsimulie baba yake alivyokuwa: alivyowasoma ndege wa ziwani, alivyokataa kuingia majini siku fulani na waliomdharau wakarudi nyavu zimechanika. Kuna majirani walinisema sana. Unamkumbusha yatima machungu, wakasema, mwache asahau. Sikukubaliana nao wakati ule na sikubaliani nao leo. Mtoto aliyefichwa baba yake atamsikia siku moja kwenye ugomvi wa bombani, na atakayemwambia atamwambia kwa kumkomoa.

Anayetaka kumjua mlezi wa kweli amtazame Abu Talib. Mtume Muhammad (S.A.W.) alizaliwa baba yake Abdullah ameshafariki. Akiwa na miaka 6 akafiwa na mama, na akiwa na miaka 8 akafiwa na babu yake Abdul Muttalib. Ndipo akaingia nyumbani kwa ami yake Abu Talib, mtu wa watoto wengi na mali kidogo. Alimlea, akaenda naye kwenye msafara wa biashara wa Sham, upande wa Syria, na Makureshi, kabila lao wenyewe, walipomgeukia alisimama mbele yake mpaka umauti ulipomfika, mwaka 619 hivi, mwaka ambao Waislamu tunauita mwaka wa huzuni. Miaka yote hiyo kijana alibaki Muhammad bin Abdullah, na heshima ya Abu Talib haikupungua hata chembe. Tena njaa ilipowabana Makka, Abu Talib angali hai, yuleyule yatima, sasa ni mtu mzima mwenye nyumba yake, akamchukua Ali, mwana wa Abu Talib, akamlea yeye. Kila nikifika hapo machozi hunilenga.

Tena mtazameni Zayd. Aliingia utumwani akiwa mdogo, akafika mikononi mwa Mtume, na baba yake Haritha alipomfuata Makka na fidia mkononi, Zayd mwenyewe alichagua kubaki. Watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Ikashuka aya ya 5 ya Sura Al-Ahzab, kwamba waiteni kwa baba zao, na akarudi kuwa Zayd bin Haritha. Je, mapenzi yalipungua? Ndiye aliyekabidhiwa uongozi wa jeshi katika vita vya Muta mwaka 629, na huko ndiko alikouawa.

Ndugu zangu Wakristo nanyi mnao wenu. Mordekai alimlea Esta, mtoto wa ami yake, akamfanya binti yake, na bado Biblia inamtaja kuwa binti Abihaili. Yosefu wa Nazareti ndiye aliyempa Yesu jina, akamkimbizia Misri kumnusuru na Herode, akamtafuta Yerusalemu alipopotea, na Injili zote nne hazina hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Papa Pius IX alimtangaza msimamizi wa Kanisa lote mwaka 1870, karne nyingi baada ya kazi yake. Hata Warumi wa kale, katika hekaya yao ya Romulus na Remus, mchungaji Faustulus aliyewalea hao mapacha ndiye mwenyewe anayewafunulia asili yao. Dini tofauti, nchi tofauti, na mlezi mwema ni yuleyule.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea wakimbizi tangu 1996. Mtoto anayefika bila wazazi hutafutiwa familia ya kumlea, na papo hapo huandikwa jina lake, la wazazi wake na la kijiji alikotoka, ili ndugu zake watafutwe. Mama anayempikia hamfuti mama aliyemzaa. Wakimbizi wenye chungu kimoja wanaliweza hilo, sisi wenye nyumba za bati tunashindwa nini?

Miaka ya shule naipita. Ada, sare, malaria, daftari, ndiyo hayohayo kwa kila mzazi.

Nifike kwenye harusi. Kwa sheria yetu Waislamu mlezi hawi walii, yaani mwenye haki ya kumwozesha binti, kwa ulezi wake tu. Walii ni ndugu wa kiume wa ukooni, na wa karibu aliyebaki ni baba mdogo wa Uvinza. Nilimfuata mwenyewe nikampa taarifa, kwa adabu, maana haki yake ni haki yake. Alikuja na ujumbe wa wazee, akauliza kwanza habari za mahari. Binti akajibu kwa upole kwamba mahari ni yake mwenyewe, ameshayataja, na wazee wakanyamaza. Siku ya nikaha baba mdogo akakaa mbele mkekani, ameshikana mkono na bwana harusi, na mimi nilikaa safu ya nyuma pamoja na wavuvi wenzangu. Mzee mmoja akaninong'oneza kwamba damu ni nzito kuliko maji. Naijua methali hiyo. Siku hiyo iliniuma kuliko nilivyotarajia, na bado inauma.

Kisha shekhe akafungua daftari lake la vyeti vya ndoa, akauliza tarehe ya kuzaliwa ya bibi harusi. Baba mdogo akataja jina la binti na jina la marehemu kaka yake vizuri kabisa. Tarehe hakuijua. Mwaka hakuujua. Akageuka nyuma kunitafuta. Nikaingiza mkono mfukoni mwa kanzu nikatoa cheti cha kuzaliwa, kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka mbele. Sina la kuongeza hapo. Waliokuwepo waliona.

Ndiyo maana nawaambia walezi wenzangu, mapenzi yenu yawe na makaratasi. Cheti cha kifo cha marehemu nilikifuatilia mapema, kwa barua ya serikali ya mtaa na safari za ofisi ya mkuu wa wilaya, wakati mashahidi bado wapo na kumbukumbu bado mbichi. Binti alipoomba mkopo wa chuo kikuu, Bodi ya Mikopo ilitaka vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na vilikuwepo. Wenzake wawili wa mtaa mmoja, yatima kama yeye, walihangaika mwaka mzima kuthibitisha kwamba wazazi wao wamekufa. Na kwenye fomu zote za shule, panapoandikwa mzazi au mlezi, andika ulichonacho: mlezi. Kuna mwalimu aliwahi kuniambia nijiandike baba tu, ni rahisi. Nilikataa.

Kijana wangu wa Ipuli, kwako ni hivi. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayatambua malezi ya kambo, yaani kulea mtoto usiyemzaa, na afisa huyo ndiye wa kukuongoza. Ukitaka siku moja awe mtoto wako kisheria, huko ni kuasili, na amri hutolewa na Mahakama Kuu. Usidanganywe na mtu wa kukupa karatasi ya mtaani. Wapigie simu ndugu wa marehemu sikukuu zote, hata wasipopokea, wasije wakasema umewaficha mtoto. Kijiweni kwenu lazima kuna mwenye picha ya rafiki yako kwenye simu; isafishe, itundike sebuleni.

La mwisho ni wasia. Kwetu Waislamu mtoto wa kulelewa hamrithi mlezi, lakini una ruhusa ya kuusia mpaka theluthi ya mali yako kwa asiye mrithi. Wangu nimeshauandika mbele ya mashahidi, na sehemu ya mtumbwi na nyavu imo humo kwa jina la binti, jina lake kamili, la kwa baba yake. Watoto wangu wa kuzaa niliwaita wakausoma wote nikiwa hai, mchana, mezani. Mkubwa aliuliza kwa nini nimempa sehemu ya mtumbwi na si ya kiwanja. Nikamwambia mtumbwi huo ulianza na pesa ya baba yake.