Muulize Fundi: Risiva, Spika na Matundu ya Nyuma

Meseji za mwezi huu karibu zote ni za risiva za nyumbani, yaani zile mashine za kukuza sauti zinazopigisha spika, hasa za mtumba, na nyingi zinaishia na swali lilelile: je, imekufa? Mara nyingi haijafa jamani, imefungwa vibaya tu. Nimechagua hizi zinazojirudia zaidi.

Shikamoo fundi. Nipo Morogoro, nina risiva ya stereo ya mtumba, ilikuwa inapiga freshi na spika zangu mbili. Nikaongeza spika mbili zilizotoka kwenye gari la mjomba, nikazifunga kwenye matundu yaleyale. Sauti ikiwa chini inapiga, nikipandisha kidogo inakata na kuandika PROTECT. Jamaa wa mtaani anasema nitafute nyingine.

Marahaba. Usitafute nyingine kwanza. Hilo neno PROTECT maana yake risiva imeona mzigo umezidi ikajikatia spika yenyewe kabla haijaungua, sasa ukiendelea kuilazimisha kila siku hapo ndo utaiua kweli.

Geuza spika zako uangalie nyuma, utakuta namba na alama ya Ω, hiyo ni omu, yaani spika inaupinga umeme kwa kiasi gani. Spika nyingi za nyumbani ni omu 8 au 6, za gari kwa kawaida ni 4. Watu wengi wanadhani namba ikiwa kubwa ndo spika inailemea risiva, kumbe ni kinyume chake, omu zikiwa chache umeme mwingi zaidi unavutwa na risiva inachemka. Na ukizifunga spika mbili tundu moja, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, omu hazijumlishwi, zinashuka: 8 na 8 zinakuwa 4, na wewe kama za kwako ni 8 ukachanganya na 4 za gari umeipa risiva mzigo wa omu kama 2.7 kila upande. Risiva za kawaida za sebuleni hazikutengenezwa kwa mzigo huo.

Soma maandishi yaliyo pembeni ya matundu ya spika. Risiva nyingi zina seti mbili za matundu ya spika, A na B, na utakuta A au B peke yake inaruhusiwa kuanzia omu 4 au 6, lakini A na B zikipiga pamoja wanataka kuanzia 8 na kuendelea. Namba zenyewe zinatofautiana, kwa hiyo fuata za kwako. Toa hizo za gari. Ukitaka lazima ziwe nne, tafuta jozi nyingine ya omu 8 uifunge B. Kama risiva haina B unaweza kuzifunga kwa kufuatana: nyekundu ya risiva iingie nyekundu ya spika ya kwanza, nyeusi ya spika ya kwanza iende nyekundu ya spika ya pili, nyeusi ya pili ndo irudi risiva. Hapo 8 na 8 zinakuwa 16, sauti itapungua kiasi lakini risiva haitachemka. Ila ziwe spika za aina moja, ukichanganya aina mbili kwa mtindo huu zinagawana umeme vibaya na muziki unaharibika.

Halafu kabla hujagusa chochote zima, chomoa kwenye umeme, ukague ncha za waya. Waya wa spika una nyuzi nyembamba nyingi na uzi mmoja tu ukichomoza kutoka kwenye nyekundu ukagusa nyeusi, hiyo ni shoti na inaleta PROTECT ileile. Menya kama sentimita moja, sokota nyuzi zishikane, ingiza zote, kaza, na shaba isionekane nje ya tundu. Ukimaliza washa risiva ikiwa tupu bila spika hata moja. Isipokata, ubaya uko kwenye waya au spika, zima, rudisha moja, washa, sikiliza, hivyohivyo hadi uipate yenye shida. Ikikata ikiwa tupu, basi mpelekee fundi mwenye mita.

Fundi hujambo, niko Mombasa. TV yangu mpya haina matundu ya nyekundu na nyeupe kabisa, ina HDMI na kitundu kimoja chenye kifuniko kinachotoa mwanga mwekundu. Risiva yangu ni ya zamani. Nimenunua kile kiboksi cha kubadilisha, taa yawaka lakini sauti hakuna.

Sijambo. Hicho kitundu cha mwanga ni optiko, sauti inatoka humo kidijitali, na kiboksi chako ndo kinaigeuza iwe sauti ya kawaida inayoweza kuingia AUX, lile tundu la risiva la kuingizia sauti kutoka nje. Kununua umenunua sawa, tatizo karibu kila mara liko kwenye TV. Ingia kwenye mipangilio ya sauti utafute sehemu ya sauti ya dijitali, utakuta imewekwa Auto au Dolby Digital, ibadilishe iwe PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa. Viboksi vingi vya bei ndogo vinaelewa PCM tu, ukivipa Dolby vinanyamaza au vinakwaruza. Angalia pia kama umetoa vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha za waya wa optiko, vinapitwa sana hivyo.

HDMI usihangaike nayo. Ile ya kurudisha sauti kutoka kwenye TV, inayoitwa ARC, ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009 na lazima risiva nayo iwe nayo. Kama TV ina tundu la hedifoni, waya wa pini ndogo kwenda nyekundu na nyeupe unatosha kabisa, bila kiboksi chochote.

Assalamu alaykum fundi. Nipo Unguja. Marehemu babu katuachia santuri za taarab, nami nimenunua mashine ya kuzipigia, mtumba wa Japani, natumia na transfoma yake. Nikiitia AUX sauti ndogo na nyembamba. Nikiitia PHONO yavuma vuuu. Na nyimbo zaenda polepole, sauti za wanawake zimekuwa nzito.

Waalaykumu salaam. Nimefurahi sana kuona kuna mtu anazitunza santuri hizo, kwa hiyo acha nieleze kwa kirefu.

Sindano ya santuri inatoa umeme mdogo mno, kwa zile za kawaida ni kama milivolti 5 au pungufu, wakati deki ya CD inafika volti 2. AUX inasubiri kitu kikubwa kama cha CD, ndo maana unasikia kwa mbali. Na wembamba ule ni kwa sababu santuri inapokatwa kiwandani besi inapunguzwa na sauti kali inapandishwa makusudi, ili mfereji usiwe mpana na kelele za sindano zisitawale. Kipimo chake kinaitwa RIAA na kimetumika tangu miaka ya 1950. PHONO ndo sehemu pekee ya risiva inayokuza umeme ule na kurudisha besi mahali pake. Kwa hiyo PHONO ndo kwao, iache humo. Na mtu yeyote asije akachomeka simu wala deki kwenye PHONO, sauti itapasuka vibaya mno.

Ule mvumo, angalia nyuma ya mashine, pamoja na nyekundu na nyeupe kuna waya mwembamba wa tatu wenye ncha kama uma. Huo ufunge kwenye skrubu iliyoandikwa GND karibu na PHONO. Mara nyingi mvumo unakata hapohapo.

Sasa mwendo. Japani wanatumia volti 100 na sisi 230, hiyo transfoma inaitatua, na wengine wanaosoma hapa msije mkathubutu kuchomeka kitu cha Japani ukutani bila hiyo. Lakini transfoma haibadilishi hertz, yaani umeme unapiga mizunguko mingapi kwa sekunde. Japani mashariki wana 50 na magharibi wana 60, huku kwetu ni 50. Mashine nyingi za santuri za zamani ambazo sahani inazungushwa kwa mkanda wa mpira zina mota inayofuata hertz, kwa hiyo iliyofungwa kwa ajili ya 60 ikija huku, santuri inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika inazunguka chini ya 28. Ndo waimbaji wako wakawa na sauti nzito. Funua sahani utazame kipuli kidogo cha mota, kile kigurudumu kinachovuta mkanda: cha 50 ni kinene kidogo kuliko cha 60, na mashine nyingine zinakubali kubadilishwa. Kagua na mkanda, ukilegea unateleza na mwendo unashuka vilevile. Ukiona mambo magumu, tafuta mashine ambayo mota inazungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, nyingi za aina hiyo zinajipima mwendo zenyewe na hazijali hertz.

Fundi mambo, nipo Tabora. Spika mpya kubwa kabisa lakini besi hamna, na mwimbaji sijui anaimbia wapi.

Poa. Spika moja umegeuza nyekundu na nyeusi. Moja inasukuma nje huku mwenzake inavuta ndani, besi zinauana. Fuata rangi pande zote mbili za waya. Kama waya hauna rangi wala mstari, chomoa spika kwenye risiva, chukua betri moja ya volti 1.5 uguse ncha za waya kwa sekunde tu huku ukiiangalia wufa, ile spika kubwa ya besi: ikitoka nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndo ya nyekundu.

Habari za kazi, naandika kutoka Muscat. Nitaungaje simu kwenye risiva isiyo na Bluetooth?

Nzuri. Nunua kipokeo kidogo cha Bluetooth chenye waya wa nyekundu na nyeupe, tia AUX au TAPE IN, siyo TAPE OUT. Sauti ya simu pandisha karibu mwisho, kisha ongezea na kupunguzia kwenye risiva.