Saa ya Dhahabu ya Zamani: Iuzwe kwa Gramu au Itunzwe?

SWALI: Marehemu babu ameniachia saa ya mkono ya dhahabu ya karati 18. Sonara ameipima akanitajia bei ya dhahabu tu. Mkusanyaji wa saa za kale yuko tayari kunipa mara kadhaa ya hiyo. Anaona nini ambacho sonara hakioni?

JIBU: Karati 18 ni sehemu 18 za dhahabu safi katika 24. Kasha, yaani mwili wa saa unaobeba mtambo, likiwa la gramu 12 lina dhahabu safi gramu 9, na sonara anaishia hapo. Mkusanyaji anauliza mengine: ziliundwa ngapi, zimebaki ngapi, na hii imeguswa na mafundi kiasi gani. Toleo la 2499 la Patek Philippe, kampuni ya saa ya Uswisi, lilitengenezwa tangu 1951 hadi 1985, na zote kwa jumla hazifiki 350. Tena dhahabu ilipopanda bei ghafla mwanzoni mwa 1980, makasha mengi ya zamani yaliyeyushwa. Lakini usidhani madini ndiyo yanayovuta watu. Katika toleo la 1518 la kampuni hiyohiyo, karibu zote ni za dhahabu na za chuma cha pua zinazojulikana ni nne. Moja ya hizo nne iliuzwa mnadani Geneva mwaka 2016 kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi.

Kwa hiyo usikubali mtu atenganishe kasha na mtambo wake. Namba za viwili hivyo ndizo zinazolinganishwa na kumbukumbu za kiwanda.

SWALI: Nitajuaje kama ni dhahabu kweli au imechovywa tu?

JIBU: Mpe fundi saa afungue kifuniko cha nyuma kwa kifaa chake, kisu huacha kovu lisilofutika. Ndani tafuta mihuri: 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9. Saa za Uswisi za kabla ya 1995 huwa na kichwa cha mwanamke kwa karati 18 na kindi kwa karati 14. Ukikuta maneno “plaqué or” au “20 microns”, hiyo imechovywa. Angalia pia masikio yanayoshika mkanda, upande wa chini unaosuguana na ngozi: dhahabu ya kuchovya huliwa hapo kwanza, shaba ya njano ikachungulia. Asidi ya kupimia isiguse kasha, kwa sababu inaacha doa. Kipimo cha eksirei hakiachi alama yoyote.

SWALI: Ina mikwaruzo na uso wake umegeuka rangi ya maziwa yaliyoungua. Niipeleke ikang’arishwe kabla ya kuiuza?

JIBU: Hapana, tafadhali. Hili ndilo kosa linaloharibu saa nyingi nzuri. Kung’arisha ni kukwangua: kila mara dhahabu kidogo inaondoka na hairudi. Chukua lenzi inayokuza mara 10 utazame sikio moja la kasha. Lisiloguswa lina kingo kali, na muhuri wake una mistari unayoweza kuifuata mmoja mmoja. Lililong’arishwa mara tatu nne ni la mviringo kama sabuni iliyotumika, muhuri umebaki kivuli, na tundu la pini ya mkanda limesogea karibu na ukingo. Mikwaruzo mkusanyaji anaivumilia. Kingo zilizopotea haziongezwi.

Uso wa saa ndio wenye thamani kubwa zaidi, hata kuliko kasha. Uliopakwa upya hujulikana kwa herufi nene zilizovimba, vistari vya dakika visivyolingana na alama za saa, au neno “SWISS” lililokosekana chini ya namba 6. Rangi ya maziwa yaliyoungua iliyokuja yenyewe, ikiwa imeenea sawasawa, wengi huipenda kuliko nyeupe mpya. Jihadhari na rangi ya kung’aa gizani: hadi mapema miaka ya 1960 ilikuwa na radiamu, yenye mionzi. Usiikwangue wala kuipuliza, vumbi lake lina madhara likivutwa. Na kama akrabu, yaani mishale ya saa, zinawaka sana baada ya kumulikwa tochi huku alama za uso zimezimika, ama zimebadilishwa au zimepakwa upya.

SWALI: Naweza kuivaa?

JIBU: Vaa, ila mbali na maji, mipira ya kuzuia maji ya enzi hizo imekauka. Itie ufunguo ikiwa imevuliwa, maana mkononi unauvuta mhimili kwa pembeni na unapinda. Ukigoma, acha. Yenye tarehe usiibadilishe kwa kidole kati ya saa tatu na saa tisa usiku, meno ya gurudumu yanakuwa yameshikana. Ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, huenda nywele yake, ile springi nyembamba inayoongoza mwendo, imepata sumaku ikagandana. Fundi huiondoa sumaku hiyo kwa dakika moja. Mafuta hukauka hata ikikaa sandukuni, hivyo isafishwe kila baada ya miaka 5 hivi, na umwambie fundi mapema: kasha lisipigwe brashi, na kila kipuri alichobadilisha akurudishie kwenye bahasha.