Fomu ya Django inakufa na KeyError ndani ya clean()

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini fomu yako ya Django (mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti) inakupa KeyError, yaani kosa la ufunguo usiopatikana, ndani ya clean(), mahali fomu inapokagua sehemu zake kwa pamoja, ilhali sehemu yenyewe uliiandika kuwa ni ya lazima. Jambo hili lilinikesha, basi nakueleza nilivyolipata.

Nilitengeneza fomu ya kuweka nafasi kwa nyumba moja ya wageni hapa Shela: siku ya kuingia, siku ya kutoka, watu wazima, watoto. Nikiijaza mwenyewe, shwari. Kisha mwenye nyumba akanipigia: mgeni kajaza, kaletewa kosa la 500, yaani seva imeshindwa. Kwenye ripoti nikaona tarehe aliyoandika: 31/04. Aprili haina siku ya 31, kwa hiyo DateField (sehemu ya tarehe) iliikataa, na hapo haikukosea. Lakini Django ikikataa sehemu huiondoa kwenye cleaned_data (kamusi ya data iliyopita ukaguzi), halafu bado huita clean(). Mle ndani mimi nilikuwa nimeandika data['kuingia'] (data ni hiyo cleaned_data), nadai ufunguo ulioshaondolewa. Ulazima wa sehemu hauhakikishi kwamba ufunguo utakuwepo.

Andika hivi:

```
kuingia = data.get('kuingia')
kutoka = data.get('kutoka')
if kuingia and kutoka and kutoka <= kuingia:
    self.add_error('kutoka', 'Siku ya kutoka iwe baada ya kuingia')
```

Usiiache ile `if`. Ufunguo usipokuwepo, get hurudisha None, yaani hakuna thamani, na ukilinganisha None na tarehe kwa `<=` utapata TypeError, kosa la aina zisizolinganishika. Jua pia kwamba add_error nayo huiondoa sehemu hiyo, basi mistari inayofuata isiisome tena kwa mabano.

Kwenye namba ndipo nilipoumia zaidi. Niliandika `if wazima and watoto` kabla ya kujumlisha watu na kulinganisha na vitanda. Python huihesabu 0 kuwa si kweli. Watu sita wasio na mtoto wakapita kwenye chumba cha vitanda vinne, na fomu haikusema neno. Kosa la 500 angalau hupiga kelele. Kwa namba tumia `is not None`.

Wengine watakushauri get('wazima', 1), yaani idadi ikikosekana ihesabiwe 1. Mimi sikubali: mtu kakosea kuandika, wewe unamjazia idadi ambayo hakuisema.

Na ukisoma request.POST (data ghafi iliyotumwa na kivinjari) moja kwa moja, kumbuka kisanduku kisichotiwa tiki hakitumwi na kivinjari kabisa. Kisome kupitia BooleanField (sehemu ya ndiyo au hapana) yenye required=False, utapata False.

Ikikataa bado, bandika clean() yako nzima hapa niitazame.