Kijana akikuuliza kama Yesu aliwahi kuishi kweli, anza na Yakobo

Ukiwa mlezi wa vijana kanisani, swali hili litakufikia tu. Siku hizi linaingia kwa simu: video ya dakika moja, mtu anaongea kwa kujiamini kwamba Yesu ni hadithi iliyotungwa Roma. Mimi naongoza kipindi cha vijana baada ya ibada ya Jumapili, na nimelijibu mara nyingi kiasi cha kujua jibu lipi linasimama na lipi linaanguka pale kijana anapofika nyumbani na kutafuta mwenyewe mtandaoni.

Usimwambie "wewe amini tu". Ameuliza swali la historia, mpe jibu la historia. Wala usianze na miujiza au unabii. Anza na Yakobo.

Tunapofika hapo huwa nawaambia wafungue Wagalatia sura ya 1. Paulo aliandika barua hiyo katika miaka ya 50, yaani miaka 20 hivi baada ya msalaba. Wakati huo hakuwa akijaribu kumthibitishia mtu kwamba Yesu aliishi. Alikuwa anajitetea kwa watu waliodai kwamba utume wake ni wa kuazima. Ndipo anaeleza kwamba alipanda Yerusalemu, akakaa kwa Kefa, yaani Petro, siku 15, na hakumwona mtume mwingine ila Yakobo, ndugu yake Bwana. Kisha anaapa mbele za Mungu kwamba hasemi uongo. Waache vijana wasome mistari hiyo kwa sauti, halafu waulize: mtu wa kutungwa anapataje ndugu ambaye unaweza kwenda kumtembelea? (Wakatoliki wanasema Yakobo alikuwa jamaa wa karibu, wengine wanasema ni mtoto wa mama mmoja. Msiingie kwenye mjadala huo siku hiyo. Kwa vyovyote vile hoja inabaki palepale.)

Sasa toka nje ya Biblia, umfuate Yakobo huyohuyo. Josephus alikuwa Myahudi wa ukoo wa makuhani, aliyezaliwa Yerusalemu mwaka 37. Karibu na mwaka 93 aliandika historia ndefu ya taifa lake. Katika kitabu cha 20 anasimulia kwamba gavana Festo, yule aliyemsikiliza Paulo katika Matendo ya Mitume, alifariki, na mrithi wake akiwa bado njiani, kuhani mkuu Anano aliitumia nafasi hiyo. Akaitisha baraza, akaamuru wapigwe mawe watu kadhaa, mmoja wao Yakobo, "ndugu wa Yesu aitwaye Kristo". Ilikuwa mwaka 62. Wakazi wa mji walioshika sheria walichukizwa, wakalalamika, na Anano akavuliwa ukuhani mkuu baada ya miezi mitatu tu.

Angalia jinsi Josephus anavyomtaja Yesu: kwa kupita tu, ili msomaji ajue ni Yakobo yupi anayezungumziwa. Hakuwa Mkristo na hamsifu mtu hapo. Yakobo alipouawa, yeye mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 25 hivi, mwenyeji wa mji huohuo. Kwangu mimi, huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote.

Josephus ana sehemu nyingine inayojulikana zaidi, katika kitabu cha 18, na hapo ndipo walezi wengi wanapoumbuka. Nakala tulizo nazo zinasema Yesu "alikuwa ndiye Kristo" na kwamba alionekana hai siku ya tatu. Wataalamu wengi wanaona maneno hayo yaliongezwa na wanakili Wakristo, ingawa wengi wao pia wanakubali kwamba chini yake kuna habari halisi ya Josephus kuhusu Yesu na Pilato. Origen, mwalimu wa Kanisa katika karne ya 3, anasema wazi kwamba Josephus hakumkubali Yesu kuwa Kristo. Liseme hili wewe kwanza. Kijana atalikuta tu mtandaoni, na afadhali alisikie kwako.

Baada ya hapo mlete Tacitus, Mroma, aliyeandika karibu na mwaka 116 kuhusu moto ulioteketeza Roma mwaka 64. Anasema Kaisari Nero aliwasingizia Wakristo, na kwamba Kristo, aliyewapa jina lao, aliuawa kwa amri ya Pontio Pilato enzi za Kaisari Tiberio. Tacitus aliwadharau Wakristo waziwazi, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuwapamba.

Yale ya kwenye makundi ya WhatsApp yaache. "Barua ya Lentulus" inayoeleza nywele na macho ya Yesu ni ya kughushi, imetungwa Zama za Kati. Sanda ya Turin, kitambaa kinachodaiwa kuwa ndicho alichozikiwa Yesu, ilipimwa mwaka 1988, kipimo kikaonyesha kitani cha kati ya mwaka 1260 na 1390. Wapo wanaokipinga kipimo hicho, lakini usijenge nyumba juu ya kitu kinachogombaniwa.

Kijana anayebishana na rafiki Mwislamu mkumbushe kwamba kuwepo kwa Isa bin Maryam si ubishi kati yao. Wanatofautiana kuhusu msalaba, na hapo Tacitus atamfaa. Kuhusu kufufuka mwambie ukweli: historia inatufikisha msalabani na kwa watu waliosema wamemwona yu hai. Mimi naamini walimwona, na hapo nazungumza kama Mkristo.

Swali linalofuata huwa ni hili: mbona hakuna hati ya hukumu yake? Muulize hati za Pilato ziko wapi. Alitawala Uyahudi miaka 10 hivi, kuanzia mwaka 26 hadi 36, na hakuna hukumu hata moja wala barua iliyobaki kutoka ofisini kwake. Tunazo sarafu zake ndogo, maneno ya waandishi wachache, na jiwe moja lililopatikana Kaisaria mwaka 1961, likiwa limetumiwa tena kama kipande cha ngazi katika ukumbi wa maonyesho. Upande wa kushoto umemomonyoka, maandishi nusu yamepotea. Pakua picha yake kabla ya kipindi, uwaambie watafute jina kwenye mstari wa pili. Herufi PILATVS zinasomeka hata kwenye simu ndogo.