Windows inagoma kurudi tarehe ya nyuma

Pole sana ndugu. Kama urejeshaji (System Restore, yaani kurudisha Windows ilivyokuwa tarehe ya nyuma) unafika mwisho kisha unakuambia haukukamilika, usikimbilie kufuta Windows yote. Kwanza nakili nyaraka zako kwenye flashi, tafadhali. Mara nyingi kizuizi ni antivairasi: izime kwa muda, ujaribu tena.

Ikigoma, shikilia Shift huku ukibofya Restart. Itakuja skrini ya buluu yenye machaguo. Ingia Troubleshoot, Advanced options, halafu System Restore. Hapo Windows yenyewe haijawaka, kwa hiyo hakuna programu inayong'ang'ania mafaili. Mimi ningeanzia hapa.

Bado? Fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, andika sfc /scannow, amri ya kukagua na kutengeneza mafaili ya Windows, usubiri hadi asilimia 100, kisha ujaribu kurejesha tena. Orodha ya tarehe za kurudi ikiwa tupu, huenda ulinzi wa mfumo (System Protection, unaohifadhi tarehe hizo) ulizimwa au diski ilijaa.