Swali la lugha: Vinywaji baridi, laini au visivyo na kileo?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naandika makala ya historia ya vinywaji ambavyo si pombe, pamoja na vitabu vinavyofundisha kuvitengeneza. Niviite vinywaji baridi, laini au visivyo na kileo? Na hivyo vitabu, ni sahihi kuviita vya mapishi?

Jibu: Marahaba. "Laini" liache kabisa. Kitambaa huwa laini, sauti huwa laini. Kinywaji kuitwa laini ni Kiingereza ("soft drink") kilichovikwa Kiswahili.

"Baridi" limekubalika kwa soda na juisi, wala silipingi. Ila historia yako haitakosa chai, kahawa na kakao, na hivyo vilinyweka vya moto zamani sana kabla ya mwanasayansi Mwingereza Joseph Priestley kutia maji gesi mjini Leeds, Uingereza, mwaka 1767, kwa kuyaweka juu ya pipa la bia inayochachuka. Ukifika kwenye soda, litumie.

Kwa jina la jumla, "vinywaji visivyo na kileo" ndilo bora. Chagua kileo badala ya kilevi, maana kilevi hubeba hata bangi. Lakini uwe mwangalifu na bia ya mizizi ("root beer"), kinywaji cha Marekani. Resipe zake za zamani zilitaka mizizi ichemshwe, maji yake yatiwe sukari na hamira, kisha yafungwe kwenye chupa. Hamira ikila sukari hutoa gesi, na papo hapo hutoa alkoholi kidogo. Kwa hiyo usiandike "kisicho na alkoholi", kwani msomaji ataelewa sifuri, andika "kisicholevya". Tofauti hiyo ilikuwa na uzito hata kisheria: Marekani ilipopiga marufuku pombe, sheria ya mwaka 1919 iliweka mpaka kwenye asilimia 0.5 ya alkoholi, na kinywaji kilichokuwa chini ya hapo hakikuhesabiwa kuwa kileo.

Kuhusu vitabu, chai hupikwa, hata pombe hupikwa, lakini sharubati hutengenezwa. Mwaka 1862 Jerry Thomas, mhudumu wa baa Mmarekani, alichapisha New York kitabu cha vinywaji ambacho, ingawa vingi ni vya pombe, kina sehemu ya wasiotaka kulewa, limonadi ikiwamo. Limau hukamuliwa, sukari hukorogwa, barafu huongezwa, hakuna kinachopikwa. Kitabu cha namna hiyo kiite "kitabu cha resipe za vinywaji". "Mapishi" yabaki kwa vitabu vya nyumbani vinavyochanganya vyakula na vinywaji.